UZI: Pistoni za kalipa zimeganda kwa chumvi? Usifungue bomba la mafuta ya breki kwanza

Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki hii peke yake nimeletewa kalipa tatu hapa Chuno (kalipa ni kile kibano cha breki ya diski, chenye pistoni zinazosukuma pedi zibane diski), kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha kiroba. Mbili ni za boda, moja ya mwalimu wa upande wa Mikindani. Kisa ni kilekile: breki ya mbele ilianza kujishika, mwenye pikipiki akashusha kalipa, akafungua na bomba la mafuta, akaisugua kwa nje mpaka ikang'aa, halafu pistoni zikagoma kutoka. Moja imejaa alama za meno ya plaizi kuzunguka pistoni. Hiyo haifai tena, na ya kipimo chake hapa mjini sijaipata, inabidi iagizwe Dar.

Kwa hiyo naomba mnisikilize kwa hili moja kabla ya mengine yote: kitu chenye nguvu ya kutoa pistoni iliyoganda ni mafuta ya breki yenyewe, yakisukumwa na mkono wako kutoka kwenye master silinda, ile pampu ndogo ya breki iliyo kwenye usukani. Ukishafungua bomba umeitupa hiyo nguvu, na utakachobaki nacho ni plaizi na hasira.

Nina sababu ya kulisema kwa uchungu. Mwaka juzi niliiacha pikipiki yangu karibu na ufukwe wa Shangani msimu mzima wa mvua, Desemba mpaka Aprili, imefunikwa turubai tu. Ni trail, pikipiki ya njia mbovu, yenye diski mbele, kalipa ya pistoni mbili upande mmoja. Nilipoiwasha ilikuwa nzito kidogo kuisukuma, nikadhani ni tairi limepungua upepo. Nikaijaza, nikaenda nayo Newala. Wakati wa kuteremka kutoka kule juu kuelekea Masasi nikaanza kusikia harufu kali, kama waya wa umeme unaungua. Nikakamata breki ya mbele, mkono wa breki ukaingia mpaka ukagusa usukani. Hakuna kitu. Nilishuka kwa gia na breki ya nyuma mpaka nikapata pa kusimama. Nikamimina maji ya chupa kidogo kwenye diski, yakaruka na kuchemka palepale. Diski ilikuwa imegeuka rangi ya bluu.

Kilichotokea ni hiki. Pistoni moja iliganda, pedi ikawa inasugua diski njia nzima. Joto likapanda hadi kwenye mafuta, na mafuta yale yalikuwa yamezeeka. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 (hayo ni madaraja yanayoandikwa kwenye kopo) hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unabonyeza mkono wa breki, unabana mvuke, pedi haisogei.

Sasa tuingie kazini.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni kalipa kweli. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, kamata breki, achia. Likibaki limeshikwa, vika mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili itie kwenye chupa, kisha legeza skrubu robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, basi presha ilikuwa imefungiwa, na ugonjwa uko juu. Huenda ni kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ndani ya master silinda kimeziba, au bomba limevimba kwa ndani, au mkono wa breki hauna nafasi ya kurudi wote. Gurudumu likibaki gumu vilevile, hapo njoo kwenye kalipa.

Na hata kwenye kalipa, anza na pini. Kalipa yenye pistoni upande mmoja lazima iteleze kushoto na kulia juu ya pini zake. Ikamate kwa mkono uitikise. Kama haitelezi, pengine pistoni ni nzima na unachohitaji ni kusafisha pini na kuzipaka grisi ya silikoni. Dalili nyingine: pedi moja imekwisha, ya pili bado nene.

Tuseme ni pistoni. Osha kalipa nzima kwa maji, sabuni na mswaki ikiwa bado imefungwa mahali pake, maana mchanga wetu huu ukiingia ndani ni balaa lingine. Halafu, kalipa ikiwa bado imeshikiliwa na shokapu, legeza kidogo ile bolti yenye tundu ya bomba la mafuta na skrubu ya upepo, kisha zikaze tena. Hii nimejifunza kwa kuumia vidole: kalipa ikishakuwa mkononi haikupi pa kushikilia. Skrubu ya upepo ikigoma, ipake mafuta ya kupenya kama WD-40 uiache ilale hapo. Usiilazimishe, ni nyembamba na ina tundu katikati, hukatika kama kijiti.

Sasa toa kalipa kwenye shokapu, bomba likiwa limeunganishwa. Toa pedi. Funika tangi na usukani kwa kitambaa kinene, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Yakimwagika mwagia maji mengi mara moja, yanachanganyika na maji na kuondoka. Jaza kikopo cha mafuta cha kwenye usukani, weka kipande cha mbao ndani ya kalipa mbele ya pistoni, anza kupiga mkono wa breki taratibu huku unatazama.

Kwenye pistoni mbili, moja itatoka na nyingine itakaa kimya. Ile inayotoka izuie kwa klampu ya seremala na kibao, endelea kupiga. Presha haina njia nyingine, itamwendea yule mgumu. Akisogea hata milimita moja umeshinda. Futa sehemu iliyojitokeza kwa kitambaa chenye mafuta ya breki, msukume arudi ndani, mtoe tena. Nenda rudi, nenda rudi. Kila safari inakuwa nyepesi. Zisogeze zote mbili mpaka karibu na ukingo kwa pamoja, maana moja ikichomoka kabisa mafuta yote yanapitia hapo na ya pili unabaki nayo ndani. Kikopo cha juu kisikauke katikati ya kazi.

Nikiishia hapa nitakuwa sijamaliza, ila naona maswali yameanza.

Mchangiaji (Masasi)

Fundi, asante. Sisi huku tunapeleka kwa fundi pancha anapuliza na kompresa, pistoni inatoka sekunde moja. Kuna ubaya gani?

Mleta uzi

Kaka, ubaya ni hiyo sekunde moja. Upepo uliobanwa ni kama manati iliyovutwa. Pistoni ikiachia, nguvu yote iliyojibana inafunguka kwa mpigo, na pistoni inaruka kama risasi. Namjua kijana hapa mjini aliyeweka kidole kati ya pistoni na kalipa ili aidake. Kidole kilipasuka mpaka mfupa ukaonekana.

Na kwa nguvu halisi upepo ni dhaifu. Piga hesabu: pistoni ya milimita 27 ina eneo la milimita za mraba kama 570. Kompresa ya bar 8 inaisukuma kwa kilo 46 hivi. Master silinda ya nusu inchi, mkono wa breki unaozidisha nguvu mara 6, wewe ukabana kwa kilo 10 tu, pistoni ileile inasukumwa kwa zaidi ya kilo 250. Na mafuta hayabonyei. Pistoni ikitoka inatoka polepole, unaiona.

Ukilazimika kutumia upepo, jaza nafasi yote mbele ya pistoni kwa mbao, funga kalipa ndani ya kitambaa kinene, vaa miwani, anza na presha ndogo, na mikono iwe mbali. Lakini pistoni iliyoganda kweli mara nyingi itaushinda.

Mchangiaji (Lindi)

Mimi fundi aliitoa vizuri, akaosha kila kitu kwa petroli, akapaka grisi ile ya bearingi, akarudisha. Wiki mbili breki imejishika upya, mbaya kuliko mwanzo. Hapo kosa liko wapi?

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Kosa liko kwenye petroli na grisi. Sili, yaani zile pete za mpira zinazozunguka pistoni, kwenye breki za DOT 3 na DOT 4 kwa kawaida ni raba aina ya EPDM. Inaelewana na mafuta ya breki, lakini ikikutana na petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili ya injini au grisi ya kawaida inavimba na kulegea. Sili ikivimba inaikaba pistoni. Hizo zilizomo tupa, usizihurumie. Nunua ripea kiti mpya, yaani seti ya sili mpya. Osha kwa maji ya sabuni, kausha kabisa, malizia kwa mafuta mapya ya breki au dawa maalumu ya kusafishia breki.

Na swali lako limenifikisha mahali ambapo kazi nyingi huharibika hata baada ya pistoni kutoka.

Ndani ya kila tundu la pistoni kuna mifereji miwili. Wa ndani unakaa sili kuu, wa nje unakaa sili ya vumbi. Ile sili kuu ina pembe nne, si duara kama oringi. Ukikamata breki, pistoni inasonga na sili inapinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo sana, chini ya milimita moja. Hakuna springi humo ndani, wakuu. Kinachoachia breki yako ni ule mpira kujinyoosha.

Sasa kalipa ni alumini. Chumvi ya bahari na unyevu vikiingia nyuma ya sili, alumini inatoa unga mweupe. Ukiutazama ni kama unga wa muhogo, lakini umeshindiliwa na kukauka kama chokaa. Unga huo unajaa kwenye mfereji, unaisukuma sili kwa ndani, sili inaikaba pistoni na inakosa nafasi ya kupinda. Ukiweka sili mpya juu ya unga huo umefanya kazi bure, itakaba vilevile.

Kwa hiyo toa sili zote kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, au sindano ya plastiki ya kufumia. Kisha kaa chini, pata mwanga wa kutosha, na ukwangue mifereji yote kuzunguka. Mimi natumia kipande cha shaba nilichokikunja ncha na kukinoa kwa tupa. Chuma kigumu kinachimba alumini. Unakwangua, unaosha, unapitisha ukucha. Ukucha ukikwama popote, rudia. Kalipa ya pistoni mbili inanichukua saa nzima kwa mifereji peke yake, na siioni saa hiyo kuwa nyingi.

Mchangiaji (Mtwara Vijijini)

Nafuatilia hapa. Yangu nabebea samaki kutoka ufukweni kila asubuhi, gurudumu la mbele linaingia mpaka kwenye maji.

Mleta uzi

Wewe mdogo wangu upo kwenye hatari zaidi kuliko wote humu. Ukimaliza kazi kila siku mwagia kalipa maji baridi ya kawaida, diski ikishapoa. Usitumie mashine ya presha kulenga kwenye sili, inaingiza maji ndani. Kila unapobadilisha pedi, safisha sehemu ya pistoni iliyojitokeza kabla ya kuisukuma ndani. Wengi wanaisukuma na kutu yake na mchanga wake, vinapita kwenye sili na kuikwaruza.

Mchangiaji (Newala)

Mkuu mimi nimechelewa kuuona huu uzi. Bomba nimeshafungua, mafuta yamekwisha, master silinda yenyewe imechoka. Pistoni zote mbili zimo ndani. Nifanyeje?

Mleta uzi

Usihuzunike, ipo njia. Tafuta bomba la grisi, lile la kupigia grisi magari, na nipeli ya grisi (kile kichuchu cha kupitishia grisi) ambayo nyuzi zake zinalingana na tundu moja la kalipa. Hapo kwenye nyuzi uwe makini sana. Tundu la bomba la mafuta mara nyingi ni milimita 10, lakini mwendo wa nyuzi unaweza kuwa 1.0 au 1.25. Nipeli nyingi za milimita 10 ni 1.0. Ianze kwa vidole. Ikikaza baada ya mzunguko mmoja, hailingani, itoe. Ukilazimisha unaua nyuzi za alumini na kalipa nzima. Kama haipo inayolingana, chukua bolti yako ya zamani ya bomba umpelekee fundi wa kuchomelea, aiambatishie nipeli juu yake na kuziba vitundu vyake vya pembeni vilivyo nje ya kalipa.

Tundu la pili liwe limefungwa na skrubu yake ya upepo. Jaza kalipa mafuta ya breki kwanza ili usitumie grisi nyingi, kisha piga grisi taratibu. Zuia pistoni nyepesi kwa klampu, kama nilivyoeleza juu. Presha ya bomba la grisi ni kubwa kuliko ya mkono wa breki, lakini nayo haina mruko wa upepo. Ukimaliza, ondoa grisi yote, kila kona, hadi kwenye njia ndogo inayounganisha matundu mawili. Pitisha kitambaa, maji ya moto na sabuni, rudia. Sili za zamani zote ni za kutupwa.

Ikigoma kabisa, chemsha maji kwenye sufuria na kuyamwagia kwa nje ya kalipa, kisha piga grisi ikiwa bado ya moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linafunguka zaidi kidogo kuliko pistoni ya chuma iliyomo. Vaa glovu. Lakini moto wa gesi hapana. Mafuta yaliyobaki ndani yanaweza kuwaka, na baadhi ya dawa za kusafishia breki zikipata joto kali hutoa gesi ya sumu.

Mchangiaji (Mtwara Mjini)

Wengine hapa stendi wanaifunga kabisa ya mbele wanatembea na ya nyuma. Abiria hajui. Mnasemaje?

Mleta uzi

Nasema waache, na nalisema kwa moyo wote. Ukikamata breki uzito unahamia mbele, ya nyuma inabaki nyepesi na inateleza mapema. Kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki inafanywa na gurudumu la mbele. Mtu amempakia mama na mtoto, au gunia la korosho juu ya keria, halafu hana breki ya mbele. Mimi nimeshuka mteremko bila hiyo breki, tena nikiwa peke yangu. Simtakii mtu. Kama hela ya ripea kiti haipo leo, paki pikipiki mpaka ipatikane.

Mchangiaji (Lindi)

Nimepata kiti mpya. Pistoni zangu zina vidoa vya kutu. Nipige msasa?

Mleta uzi

Angalia vidoa viko wapi. Vikiwa kwenye mdomo wa pistoni, ule unaogusa pedi, nje ya mahali sili inapotelezea, haviharibu kitu, visafishe tu. Vikiwa kwenye njia ya sili, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, au kromu imebanduka, badilisha pistoni. Msasa hautafukia shimo, unaondoa tu kromu iliyobaki. Kama ni doa la rangi tu, ling'arishe kwa msasa namba 2000 wenye maji, kwa mkono mwepesi, uishie hapo. Mikwaruzo midogo kwenye ukuta wa tundu la kalipa isikutishe sana, kwa sababu sili inazuia mafuta kwenye mfereji na kwenye uso wa pistoni.

Kurudisha: lowesha sili na pistoni kwa mafuta mapya ya breki kutoka kwenye kopo lililofunguliwa leo. Weka sili, hakikisha haijajisokota. Weka pistoni wima kabisa, sukuma kwa vidole gumba viwili. Inatakiwa izame kwa mwendo mmoja, laini. Ukijikuta unatafuta klampu, simama. Toa sili, rudi kwenye mfereji, kuna unga umebaki.

Mchangiaji (Newala)

Wakuu, zimetoka zote mbili! Nipeli ililingana. Ya kulia ilitoka baada ya maji ya moto mara tatu. Mifereji ilikuwa imejaa ule unga kama ulivyosema, nimekwangua tangu asubuhi, na sasa zinazama kwa gumba. Master silinda nayo nimeitilia kiti mpya. Nimefunga, nimetoa upepo, lakini mkono bado laini laini.

Mleta uzi

Hongera sana kaka, nimefurahi mno. Zile washa mbili (vijiringi vya kuzuia kuvuja) za pembeni ya bolti ya bomba umeweka mpya? Za zamani zimeshabonyea, huvuja taratibu na unalaumu upepo.

Kama washa ni mpya, bado kuna upepo umejificha juu, kwenye kona ya bomba karibu na usukani. Geuza usukani ili kikopo kiwe sehemu ya juu kabisa, gongagonga bomba kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kupanda, huku unabonyeza mkono wa breki kidogo kidogo, sentimita moja tu. Utaona vipovu vinatoka kwenye kikopo. Vikiisha, funga kikopo, ubane mkono wa breki kwa mpira wa tyubu ulale hivyo hadi asubuhi. Kisha toa upepo mara moja zaidi kwa chini.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, piga mkono wa breki mpaka uwe mgumu, kwa sababu pistoni zikisukumwa ndani mibonyezo ya kwanza inakwenda mitupu. Tafuta mahali tambarare, usishuke mteremko leo. Nenda kama kilomita mbili ukikamata taratibu, simama, sogeza mkono karibu na diski bila kuigusa. Ikiwa na uvuguvugu ni sawa. Halafu nenda kilomita mbili nyingine bila kugusa breki ya mbele kabisa, usimame kwa ya nyuma, upime tena. Hapo diski iwe imepoa. Ikiwa ya moto, usiende kokote, niandikie hapa.